Kuunga Pawasaplai na Bodi za Upanuzi Kwenye Kengele ya Ulinzi ya Nyumba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mifumo ya waya inayotumia volti 12 za umeme wa moja kwa moja (DC): paneli ndani ya boksi la chuma, betri chini yake, vipedi vya namba ukutani na sensa kila chumba. Chapa zinatofautiana kwa majina ya terminali na kwa namna ya kuprogramu, ila umeme ni uleule. Kitabu cha paneli yako kikisema tofauti na ukurasa huu, fuata kitabu.

Bodi ya upanuzi inafanya kazi gani hasa?

Paneli huja na zoni chache, yaani laini za kuunga sensa, mara nyingi sita au nane. Bodi ya upanuzi huongeza nyingine, kwa kawaida nane kwa kila bodi. Inasoma sensa zake yenyewe, kisha inaipa paneli habari kupitia nyaya za data. Zipo pia bodi zinazoongeza matokeo (terminali za kutoa umeme au amri) ya rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, badala ya zoni, na zipo zinazofanya yote mawili.

Unaweza kukwepa bodi kwa kuunga sensa mbili kwa mfululizo kwenye zoni moja, na kengele italia vizuri tu. Shida ni kwamba hutajua ni dirisha lipi limefunguliwa, na siku sensa moja ikiharibika utazikagua zote. Kwa milango miwili iliyokaa pamoja inakubalika. Kwa vyumba viwili tofauti, nunua bodi.

Nitajuaje kama paneli yangu inaweza kubeba bodi nyingine?

Swali hili lilipaswa kuulizwa kabla ya kutoboa ukuta, lakini watu huliuliza baada ya mfumo kuanza kusumbua. Idadi ya zoni ambazo paneli inakubali ni jambo moja. Umeme ambao paneli inaweza kuutoa ni jambo lingine, na huo ndio huisha kwanza.

Tafuta kwenye kitabu kiwango cha juu cha AUX, yaani umeme unaotoka kwa ajili ya vifaa. Kwenye Honeywell Vista-20P ni miliampea 600. Paneli za DSC za familia ya PC1616, PC1832 na PC1864 hutoa 700. Kisha orodhesha kila kitu kinachokula umeme huo. Tuchukue nyumba ya kawaida: vipedi viwili vya miliampea 100 kila kimoja, bodi mbili za upanuzi za 30 kila moja, sensa za mwendo 12 za 15 kila moja, sensa mbili za kioo kuvunjika za 25, na kifaa cha mawasiliano cha 120. Jumlisha: 200, 60, 180, 50, 120. Unapata 610.

Kwenye paneli ya 600 umeshazidi. Kwenye ya 700 karatasi inasema unafaa, lakini mimi singeiacha hivyo. Kanuni nzuri ya kazi ni kutopita asilimia 80 ya uwezo, kwa hiyo 700 ihesabu kuwa 560. Kipedi kikiwasha taa zake zote na kulia kinakula zaidi ya kikiwa kimetulia, kifaa cha mawasiliano cha simu huvuta umeme kwa vishindo wakati wa kutuma, na rilei ikijifunga inaongeza yake. Vyote hivyo hutokea kwa pamoja wakati mmoja tu, nao ni wakati mwizi yuko ndani.

Namba za miliampea nazitoa wapi?

Kwenye karatasi ya kila kifaa. Zikiandikwa mbili, moja ya utulivu na moja ya kengele, tumia ya kengele kwa hesabu ya AUX na ya utulivu kwa hesabu ya betri. Karatasi ikiwa imepotea, weka multimita kwenye ampea, iunge kwa mfululizo kwenye waya chanya wa kifaa na usome. Usiiweke mita ya ampea kati ya chanya na hasi: hiyo ni shoti, na fyuzi ya mita itakwenda.

King'ora hakimo kwenye hesabu ya AUX kikiwa kimeungwa kwenye terminali za BELL, kwa sababu hizo zina kikomo chake. Lakini ukiona king'ora kimeungwa kwenye AUX kupitia rilei, kihesabu.

Nyaya nne zinazotoka kwenye paneli kwenda kwenye vipedi na bodi ni za nini?

Nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, na mbili zilizobaki, kijani na manjano, ni za data. DSC na Honeywell hutumia rangi hizohizo nne, jambo linalowafanya watu wadhani vifaa vyao vinabadilishana. Havibadilishani, kwa sababu lugha ya data ni tofauti kabisa.

Ukibadilisha kijani na manjano, mara nyingi hakiungui kitu, ila kifaa hakionekani. Ukibadilisha nyekundu na nyeusi unaweza kuua bodi. Hakikisha kwa mita kabla ya kukaza skrubu, hasa kama waya wako una rangi nyingine na umejiamulia mwenyewe ipi iwe ipi. Andika uamuzi huo kwenye karatasi na uigandishe ndani ya mlango wa boksi.

Je, ni lazima kila bodi iwe na waya wake hadi kwenye paneli?

Inategemea aina ya laini. Kwenye laini ya nyaya nne ya DSC unaweza kupita kifaa kwa kifaa, kutawanya kutoka kwenye paneli, au kuchepusha katikati. Kinachoangaliwa ni urefu: kifaa kimoja kisizidi mita 305 za waya kutoka kwenye paneli, na waya wote kwa jumla usizidi mita 915. Paneli zinazotumia RS-485, aina nyingine ya laini ya data, hupenda mstari mmoja unaopita kifaa kwa kifaa, na rezista ya omu 120 kwenye ncha. Ukiitawanya RS-485 kama mizizi, itafanya kazi leo na kesho itasahau kifaa kimoja.

Umeme wa AUX umekwisha. Pawasaplai ya ziada inaungwaje?

Kwanza chagua inayofaa. Unataka pawasaplai ya kengele yenye nafasi ya betri yake, inayotoa takriban volti 13.8 na kuichaji betri muda wote. Zipo zinazokaa kwenye laini ya data kama kifaa na kuiambia paneli hali yao, kama DSC PC5204. Zipo pia za kujitegemea zenye matokeo ya chanya na hasi tu, labda na rilei ya kutoa taarifa ya hitilafu.

Tuseme ni ya kujitegemea, na inatakiwa kulisha bodi ya upanuzi iliyoko mbali pamoja na sensa zake. Fungua boksi la bodi hiyo. Nyaya nne kutoka kwenye paneli zimefika. Ile nyekundu ya paneli usiiunge popote: ikate usawa, ifunike kwa tepu ya umeme na uikunje pembeni. Nyekundu mpya, kutoka kwenye chanya ya pawasaplai, ndiyo inayoingia kwenye terminali nyekundu ya bodi. Kijani na manjano zinaingia moja kwa moja kama zamani. Sasa nyeusi: terminali ya hasi ya bodi inapokea nyaya mbili, nyeusi ya paneli na hasi ya pawasaplai. Zote mbili chini ya skrubu moja, au zikiunganishwa kwa kiunganishi na kipande kifupi kiingie kwenye terminali.

Chanya zitengane, hasi ziungane. Ukikumbuka hilo tu, umeshamaliza nusu ya ukurasa huu.

Kwa pawasaplai inayokaa kwenye laini ya data, fuata mchoro wake, kwa sababu yenyewe ina terminali za nyaya nne na imeshapangiwa ndani namna hasi inavyopita.

Kwa nini hasi ziungane?

Kwa sababu data ni volti, na volti hupimwa kutoka mahali fulani kwenda mahali fulani. Paneli inapoishusha laini ya kijani hadi sifuri, sifuri hiyo ni ya hasi yake. Bodi inayolishwa na pawasaplai nyingine isiyounganishwa na hasi hiyo ina sifuri yake, na haijui paneli inasema nini. Dalili yake inasumbua akili: taa ya bodi inawaka, volti 13.8 zipo, anwani ni sahihi, na paneli inasisitiza kwamba bodi haipo. Watu wamerudisha bodi nzima dukani kwa kukosa waya mmoja mweusi.

Kipimo chake ni rahisi. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye hasi ya paneli na nyingine kwenye hasi ya pawasaplai. Usomaji uwe karibu na sifuri. Ukiona namba inayotangatanga, hasi hazijaungana.

Na kwa nini chanya zisiungane?

Pawasaplai mbili hazitoi volti sawa kabisa. Moja ikitoa 13.8 na nyingine 13.6, ya kwanza inabeba karibu mzigo wote na ya pili inakaa tu. Ya kwanza ikikata kwa kuzidiwa, mzigo wote unamwangukia mwenzake. Betri nazo zinaanza kuchajiana kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga, na saketi ya paneli inayopima betri yake inasoma uongo. Hakuna faida hata moja unayoipata.

Naweza kutumia adapta ya kawaida ya volti 12, kama ya kamera?

Sensa itawaka, ndiyo. Lakini adapta haina betri, kwa hiyo umeme ukikatika sensa zote zilizo chini yake zinazima. Sensa nyingi za mwendo zikikosa umeme rilei yake hufunguka, maana yake paneli inaona zoni imevunjwa. Kama mfumo umewashwa, king'ora kitalia kila umeme unapokatika, na baada ya wiki mbili mwenye nyumba atakuwa ameacha kuuwasha. Adapta iache kwa ajili ya majaribio ya mezani.

Transfoma ya paneli imeungua. Je, ya DC inafaa?

Paneli nyingi za zamani na hata za sasa zinataka umeme wa AC (mkondo geu), kwa kawaida volti 16.5 na VA 40, VA ikiwa ni uwezo wa transfoma kubeba mzigo. Ukiweka DC mahali pa AC paneli inaweza kuwaka na bado ikadai haina umeme wa ukutani, au isichaji betri. Soma kilichoandikwa karibu na terminali. Kama ni AC, nyaya mbili hazina chanya wala hasi. VA ikiwa ndogo kuliko iliyoandikwa, transfoma itapata moto na volti zitaporomoka mzigo ukipanda.

Ichomeke kwenye soketi isiyo na swichi ya kuzimia, au swichi hiyo ifunikwe. Anayefagia nyumba hajui hiyo ni ya nini.

Paneli yangu inaingia umeme wa ukutani moja kwa moja, volti 230. Niendelee mwenyewe?

Upande wa volti 12, ndiyo, ukiwa umezima kila kitu. Upande wa 230 mwachie fundi umeme mwenye leseni. Boksi la chuma lazima liwe na ethi, na waya wa 230 usipite katikati ya nyaya za sensa ndani ya boksi.

Betri iwe kubwa kiasi gani?

Amua kwanza mfumo uishi saa ngapi bila umeme. Viwango vya Ulaya vya EN 50131 vinataka saa 12 kwa mfumo wa daraja la 2, ambalo ndilo la nyumba nyingi, kwa hiyo ni pa kuanzia pazuri. Kama umeme kwenu hukatika kwa siku nzima, weka 24.

Kisha zidisha. Rudi kwenye nyumba ile ya miliampea 610. Ongeza 100 za paneli yenyewe, inakuwa 710, yaani ampea 0.71. Mara saa 12 ni ampea-saa (Ah) 8.5. Ongeza robo kwa ajili ya betri kuzeeka: karibu 10.7. Betri ya kawaida ya 7 Ah, ile inayokaa ndani ya boksi, haitoshi, na hiyo ndiyo iliyomo kwenye nyumba nyingi za namna hii.

Ukihamishia sensa zote za mwendo, za vioo, kipedi kimoja cha mbali na bodi moja kwenye pawasaplai ya pili, huko kunakwenda miliampea 360. Kwenye paneli zinabaki 250 na zile 100 zake, jumla 350. Sasa kila upande unahitaji kati ya Ah 5 na 5.5 kwa saa 12, na betri mbili za 7 Ah zinatosha zikiwa na akiba. Kwa maneno mengine, pawasaplai ya pili imekutatulia mambo mawili kwa mpigo.

King'ora, kinyume na watu wanavyodhani, hakimalizi betri. Cha ampea 1 kikilia dakika 5 kinakula chini ya Ah 0.1. Kinachofanya ni kushusha volti ghafla, na hilo tunalifikia hapo chini.

Kwa nini nisiweke betri kubwa zaidi kwenye paneli, yaishe?

Kwa sababu chaja ya paneli ina kikomo. Betri kubwa iliyokwisha itachukua muda mrefu mno kujaa, na umeme ukikatika mara ya pili itakuwa bado nusu. Tena betri kubwa haiongezi kikomo cha AUX hata miliampea moja. Kitabu kitasema ukubwa wa juu unaoruhusiwa.

Waya mrefu unapoteza volti kiasi gani?

Zaidi ya unavyofikiri. Waya wa kengele wa milimita za mraba 0.22, ule mwembamba unaouzwa sana, una karibu omu 80 kwa kilomita kwa kila uzi. Bodi ikiwa mita 30 kutoka kwenye paneli, umeme unakwenda mita 30 na kurudi 30: jumla omu 4.8. Bodi na sensa zake zikivuta miliampea 250, unapoteza volti 1.2 njiani.

Umeme wa ukutani ukiwepo hutaona tatizo, maana 13.8 ukitoa 1.2 ni 12.6 na kila mtu anafurahi. Umeme ukikatika na betri ikashuka hadi 11.5, bodi inabaki na 10.3. Sensa nyingi hukubali kushuka hadi 9 au 10, kwa hiyo uko ukingoni. Ongeza waya wa bei rahisi wa alumini uliopakwa shaba, ambao ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba tupu, na umeshadondoka.

Ndiyo maana kipimo cha kweli ni hiki: chomoa transfoma, acha mfumo ukae kwenye betri kwa nusu saa, liza king'ora, na mtu mwingine awe anapima volti kwenye terminali za bodi ya mbali kabisa. Namba utakayoiona hapo ndiyo namba ya mfumo wako. Ile uliyoipima mchana, umeme ukiwepo na nyumba imetulia, haina maana sana.

Volti zikiwa chini, nifanye nini bila kubadilisha waya wote?

Kama waya una nyuzi za akiba, ziunge mbili kwa pamoja kwa chanya na mbili kwa hasi. Ukinzani unakuwa nusu, na upotevu unakuwa nusu. Au lete pawasaplai karibu na bodi badala ya kuiweka kando ya paneli. Hiyo ya pili ndiyo bora, na watu huisahau: wanafunga pawasaplai mpya pembeni ya boksi kuu kisha wanatuma umeme mita 30 kwa waya uleule mwembamba.

Bodi ina umeme, hasi zimeungana, lakini paneli bado haiioni.

Anwani. Kila bodi inajitambulisha kwa namba, inayowekwa kwa swichi ndogo za dipu au kwa jampa. Kwenye Vista-20P anwani ndiyo inayoamua zoni: bodi ya anwani 07 ni zoni 9 hadi 16, ya 08 ni 17 hadi 24, ya 09 ni 25 hadi 32. Bodi mbili zikipewa anwani moja zinazungumza kwa wakati mmoja na hakuna inayosikika. Kwa DSC, bodi husajiliwa yenyewe mfumo unapowashwa, lakini bodi uliyoitoa itaendelea kudaiwa hadi uingie sehemu ya 902 na kuufanya mfumo uhesabu upya vifaa vyake. Sehemu ya 903 inakuonyesha vilivyoonekana.

Swichi za dipu zisogeze umeme ukiwa umezimwa. Bodi nyingi husoma anwani mara moja tu, wakati wa kuwaka.

Rezista ya mwisho wa laini iwekwe wapi?

Hii ni rezista ambayo paneli huipima ili kujua kama laini ya zoni ni nzima. Iwekwe kwenye sensa. Si kwenye bodi. Rezista zote nane zikiwa zimepangwa vizuri kwenye terminali za bodi zinapendeza kwa macho, lakini hazina kazi: mtu akiunganisha nyaya mbili za sensa pamoja popote njiani, bodi itaendelea kuona rezista na kusema mlango umefungwa. Rezista ikiwa ndani ya sensa, shoti njiani inaonekana kama omu sifuri, nayo ni hitilafu.

Thamani inategemea paneli. DSC hutumia omu 5,600, mistari ya kijani, buluu na nyekundu. Honeywell Vista hutumia 2,000, nyekundu, nyeusi, nyekundu. Bodi ya upanuzi huwa inataka thamani ileile ya paneli yake, ila hakikisha kwenye karatasi. Kupima, toa nyaya za zoni kwenye terminali kwanza, kisha pima omu: mlango umefungwa usome thamani ya rezista, umefunguliwa usome laini iliyokatika.

Kila king'ora kikilia, bodi moja inapotea kwa sekunde chache kisha inarudi.

Volti zinaporomoka. Fuata mzigo: pima kwenye betri, kisha kwenye AUX, kisha kwenye bodi, huku king'ora kikilia. Zikishuka tayari kwenye betri, betri imezeeka. Kwenye betri ziko sawa lakini AUX inashuka? Paneli imezidiwa. AUX iko sawa na bodi ndiyo imeshuka: ni waya, au skrubu isiyokaza. Vuta kila waya kwa upole. Anzia na hili la skrubu, kwa sababu halina gharama.

Kama bodi inapotea bila king'ora kulia, usiku fulani tu, angalia kama waya wake wa data umefungwa pamoja na waya wa umeme mkubwa darini. Zitenganishe nyaya hizo, na pale zinapolazimika kukutana zikatane kwa pembe mraba.

Sensa za moshi za nyaya nne nazo zinakula AUX ya kawaida?

Hapana. Zinahitaji umeme unaoweza kukatwa na kurudishwa na paneli, kwa sababu sensa ya moshi ikishagundua moshi hujifunga hadi ikatiwe umeme. Paneli ina tokeo maalumu kwa kazi hiyo. Ukiihamishia kwenye pawasaplai ya nje, umeme wake lazima upite kwenye rilei inayoongozwa na tokeo hilo, na mwishoni mwa laini iwekwe rilei ya kusimamia umeme, ili waya ukikatika paneli ijue. Moshi ni suala la uhai. Sensa hizi zikiwemo kwenye mpango wako, mwonyeshe mtu mwenye uzoefu mchoro wako kabla ya kuunga.

Nataka bodi iwashe taa au ifungue geti. Tokeo linatosha?

Matokeo mengi madogo huvuta kwenda hasi na yana kikomo cha chini. Kwenye paneli za DSC nilizotaja, tokeo liitwalo PGM1 linabeba miliampea 50 na PGM2 300. Weka rilei katikati, na kwenye koili ya rilei weka dayodi kama 1N4007, mstari wake ukielekea chanya. Bila dayodi, kila rilei inapoachia inarudisha mshtuko wa volti kwenye tokeo, na siku moja tokeo linakufa. Rilei inayobeba 230 iwe kwenye boksi lake tofauti.

Kamera na ruta zinaweza kula kwenye AUX?

Zisile. Kamera moja inaweza kumaliza bajeti ya sensa 20. Zipe umeme wake na hifadhi yake. Ila kama kengele inatuma taarifa kwa intaneti, kumbuka kwamba ruta ikizima hakuna taarifa inayotoka, hata kama betri ya paneli imejaa.

Bodi iko kwenye jengo la pembeni, si ndani ya nyumba.

Hapo ile kanuni ya kuunganisha hasi inaanza kuwa na meno. Majengo mawili yakiwa na ethi zake tofauti, waya wa hasi kati yao unakuwa njia ya radi na ya umeme unaotafuta usawa. Tumia kifaa cha kutenganisha laini ya data, au bodi ya redio. Waya wa shaba wa kawaida uliofukiwa ardhini bila kinga ni mwaliko.

Kuna mpangilio wa kuzima na kuwasha?

Kuzima: umeme wa ukutani na betri, vyote viwili, kwenye paneli na kwenye kila pawasaplai. Hapa ndipo ajali hutokea, kwa sababu mtu anazima paneli na kusahau kwamba bodi bado inalishwa kutoka kwingine. Pima kabla ya kugusa.

Kuwasha: pawasaplai za ziada kwanza, kisha paneli, ili paneli inapoanza kutafuta vifaa ikute bodi zimeshaamka. Kati ya betri na umeme wa ukutani fuata kitabu. Zipo paneli ambazo haziwaki kwa betri peke yake, kwa hiyo usishtuke ukiunga betri na kimya kikatawala. Waya mwekundu wa betri uende kwenye chanya. Cheche kubwa ukiunga ni dalili kwamba umegeuza au kuna shoti.

Fyuzi imekata lakini siioni fyuzi yoyote.

Huenda ni ile inayojirudisha. Ikizidiwa inapata joto na kuziba, ikipoa inafungua. Toa mzigo wote wa AUX, subiri dakika chache, kisha rudisha waya mmoja mmoja hadi uone ni upi unaoiangusha.

Nitajuaje kama pawasaplai ya mbali imekosa umeme?

Bila kuipangia, hutajua hadi betri yake iishe, na hapo zoni zote zitazima kwa pamoja. Pawasaplai inayokaa kwenye laini ya data inatoa taarifa yenyewe. Ya kujitegemea yenye rilei ya hitilafu, unga rilei hiyo kwenye zoni moja ya bodi iliyo karibu, ipangie aina ya zoni ya saa 24 isiyoliza king'ora, na uipe jina linaloeleweka. Unga pia swichi ya mlango wa boksi. Zoni moja kwa kazi hii haipotei bure.

Betri zibadilishwe lini?

Miaka 3 hadi 5 kwa betri ya risasi iliyofungwa, na mapema zaidi kama boksi liko darini au chini ya bati, maana joto likipanda kwa nyuzi 10 umri wa betri hukaribia kupungua kwa nusu. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubavu wa betri siku unapoiweka. Ukibadilisha moja, badilisha na ile ya pawasaplai ya pili: zilinunuliwa pamoja, zimezeeka pamoja, na ile ya pili iko mahali ambapo hakuna anayepita.